A za Mukau

Kiwanda cha kupiga chapa nilichofanyia kazi kilikuwa chumba kimoja cha mawe nyuma ya kanisa, mjini Kitui. Mashine ilichukua nafasi kubwa kuliko watu. Niliingia pale mwanzoni mwa miaka ya sabini, msichana aliyemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari, nikafundishwa kupanga herufi.

Kulikuwa na herufi ndogo za risasi, za kadi za harusi na vijitabu vya nyimbo. Halafu kulikuwa na zile kubwa za mbao, zilizoachwa na wamisionari, ambazo zilikaa kwenye trei pana karibu na dirisha. Kila moja ilikuwa na urefu wa mkono kutoka kidoleni hadi kwenye kifundo, lakini upana wake haukuzidi vidole viwili vitatu. Zilikuwa nene, zimebana miguu, hazina mkia wala pambo lolote. Ukizipanga pamoja zilisimama kama watu kwenye foleni ya maji, bega kwa bega, hakuna anayemwachia mwenzake nafasi ya kupenya.

Msimamizi wetu alikuwa mzee kutoka upande wa Murang'a, mtu wa familia ya Kikristo ya zamani, aliyefunga shati mpaka kifungo cha shingoni hata siku ambazo bati la paa lilikuwa linalia kwa joto. Ndiye aliyenieleza kwa nini herufi zile zilipendwa.

"Ukipanga MKUTANO kwa herufi pana," alisema, "O inabaki nje ya karatasi. Hizi ni nyembamba. Neno linaingia lote, na bado ni nene. Mtu aliye ng'ambo ya barabara anasoma bila kuvuka."

Na kweli tulizitumia kwa kila kitu ambacho watu walitakiwa wakione kwa mbali. Mikutano ya injili, harambee za shule, minada ya mbuzi kule Tseikuru, mabango ya wagombea wakati wa kura. Kipindupindu kilipoingia tulipiga neno HATARI mpaka mikono ikawa myeusi hadi kwenye viwiko, na mabango yakabandikwa kwenye visima vyote. Nilitembea mjini nikaona kazi yangu kwenye kila ukuta ikinipigia kelele.

Shida yetu ilikuwa A. Herufi zile zilitengenezwa na watu wa lugha nyingine, kwa hivyo tulikuwa na E za kumwaga, na X na Q zilikaa pale safi kama siku ziliponunuliwa, lakini A zilikuwa chache na Kiswahili hakiendi popote bila A. Kikamba vilevile. Zikiisha tulipindua V, tukaipaka wino, halafu mzee akachora ule mstari wa katikati kwa brashi, bango moja baada ya jingine, akilalamika kwa Kikikuyu.

Aliyetutoa kwenye shida hiyo ni kaka yangu.

Alikuwa amenitangulia kuzaliwa kwa miaka kadhaa, na baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyebaki mwanamume wa boma. Alichonga vinyago vya kuuzia watalii: twiga, faru, vijiko vya saladi vyenye kichwa cha swara kwenye mpini. Shuleni hakukaa. Alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole, lakini ukimpa kitu akishike mara moja, angekichonga baadaye huku anapiga gumzo. Alikuwa mtu wa kucheka, na akisimama aliegemea upande mmoja, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku hiyo alikuwa amekuja mjini kutafuta msasa, akapitia kiwandani tuende chai. Akanikuta napindua V.

"Unafanya nini, mwanaa mwaitu?" Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, mtoto wa mama yetu.

Nikamweleza. Akaichukua A moja kwenye trei, akaigeuza, akainusa.

"Huu mti si wa huku."

"Ni wa Ulaya," mzee akamjibu. "Na usiidondoshe."

"Na mkitaka nyingine?"

"Tunaandika barua. Halafu tunangoja."

Kaka akaitia mfukoni. Mzee akainuka kwenye kiti. "Wewe kijana, hiyo ni mali ya kanisa!"

"Nitairudisha na ndugu zake," kaka akasema, na tayari alikuwa mlangoni.

Aliirudisha baada ya wiki moja hivi, na pamoja nayo furushi la A mpya zilizofungwa kwa kitambaa. Alizichonga kwa mukau, mti ambao kwetu unatengenezwa milango na vitanda kwa sababu mchwa hawaugusi. Alikuwa amezisugua kwa msasa mpaka zikang'aa kama mbegu. Mzee alizipima kwa rula moja moja, akitafuta kosa kwa nguvu zake zote, kisha akapanga neno WATAKATIFU akalipiga. Tukainama wote watatu juu ya karatasi. Ilikuwa nyeusi, imejaa, haina doa.

"Hizi zitafanya kazi," mzee akasema. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Kisha tukamwomba K pia, na hapo kaka akatuchekesha. Hakujua kwamba herufi ya kupiga chapa huchongwa kinyume. A haina kinyume, ukiigeuza ni ileile, kwa hivyo hakukuwa na wa kumwambia. Akaleta K nzuri kabisa zinazosomeka, na tulipozipiga zote zikatazama nyuma, zimewapa mgongo wenzao. Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Alichukua karatasi ile akaenda nayo nyumbani, na mama alipouliza zinasema nini, akamwambia, "Hizi ni K zinazorudi nyumbani."

Sasa, A zake zilifanana na zile za Ulaya kwa mtu anayepita barabarani. Kwangu hazikufanana. Mstari wa katikati aliuweka chini kidogo. Mukau una mshipa, kwa hivyo kila A yake ilipigwa na kijistari cheupe chembamba kwenye mguu wa kushoto, kama uzi. Na kilele chake hakikuwa katikati hasa. Kiliegemea.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini biashara ya vinyago ilianza kuwa ngumu kwetu, na kaka akaamua kwenda Mombasa na mzigo wake mwenyewe badala ya kuuzia watu wa kati. Alitoka asubuhi. Mama alimfungia viazi vitamu na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Alisema atarudi kabla ya mvua ya Oktoba ili tupande pamoja. Mvua ikaja, tukapanda mimi na mama, tukapalilia, mbaazi zikatoa maua. Hakurudi.

Mchongaji mwenzake aliyetoka huko alituambia kwamba alimwona sokoni, kwamba maduka yalikataa mzigo wake, na kwamba siku moja aliuacha mzigo wote kwa mtu akaondoka. Kwenda wapi? Hakusema. Polisi waliandika jina wakatuambia mtu mzima ana haki ya kwenda anakotaka. Wengine walitutuliza kwa kusema ameoa Mpwani.

Mzee wa Murang'a ndiye aliyesema tupige bango.

"Karatasi ya kanisa, wino wa kanisa," akasema. "Wakiuliza, nitajibu mimi. Panga."

Nikapanga. Mpanga herufi husoma kutoka upande usio wake, kwa hivyo nililiona lile neno kinyume kwanza, AETOPEMA, kama jina la mahali nisipopajua. Chini yake nikapanga jina lake, na chini ya jina, kwa herufi ndogo, kwamba ni mrefu, mchonga vinyago, mtu wa Kitui, na kwamba mama yake anamtafuta. Mzee akazungusha mashine. Karatasi ya kwanza ilipotoka nikaishika kwa ncha ili wino usichafuke.

AMEPOTEA.

A ya kwanza ilikuwa na uzi mweupe mguuni. A ya mwisho ilikuwa na uzi mweupe mguuni. Sikuwa nimezichagua, zilikuwa ndizo zilizo juu kwenye trei.

Mzee aliziona baada yangu. Alivua miwani akaipangusa kwa shati.

"Tubadilishe?"

"Hapana," nikasema. "Ziache."

Nilimpelekea mama bango moja. Mama hakujua kusoma hata herufi moja. Aliliweka juu ya magoti, pale nje ya jikoni, akapitisha kidole juu ya neno. Herufi za mbao zikipigwa kwa nguvu huacha bonde kidogo kwenye karatasi, kwa hivyo alikuwa anaweza kuzifuata hata bila macho. Alienda mpaka mwisho akarudi. Kidole kikasimama.

"Hii ameitengeneza yeye."

"Umejuaje, mwaitu?"

"Inasimama kama yeye."

Wainjilisti wa kanisa waliyachukua mabango wakayabandika barabara yote ya Mombasa walipokuwa wakihubiri, kuanzia Salama kushuka chini. Tulisubiri. Alikuja mtu mmoja kusema amemwona kaka akiuza maji, tukaenda, hakuwa yeye. Mama alilibandika lile lake ukutani ndani ya nyumba, upande wa kitanda chake, na liliponyauka kwa moshi akaniomba nimpigie jingine. Nikampigia.

Baada ya hapo sikuwa na amani na kazi ile. Fikiria mtu wako amepotea, na kila asubuhi unafungua trei na kushika vitu alivyovichonga, bado vina alama ya kisu chake upande wa chini. Ningetumwa Mutomo kupeleka vijitabu hospitalini, nikishuka tu kwenye gari namwona ukutani: KLINIKI YA WATOTO, na A ya kwanza ni ya Ulaya, na A ya mwisho inaegemea. Niliwahi kuingia duka moja Tseikuru nikakuta mwenye duka amefunika dirisha lililovunjika kwa bango letu la zamani la mnada, na A yake ilikuwa inaangazwa na jua kutoka nyuma. Nilitoka bila kununua kilichonipeleka. Niliota mara nyingi kwamba nimepanga neno fulani na herufi zinaniuliza mwenyewe yuko wapi.

Mama alifariki wakati wa ukame ule wa mahindi ya manjano ya msaada. Hakufa kwa njaa. Tulikuwa tukipata mgao. Kifua kilimbana na hakutaka kupigana nacho. Siku za mwisho alikuwa akiuliza jambo moja, na hakuuliza kama kaka atarudi. Aliuliza kama kuna mtu anampikia. Nilimwambia yuko. Tulimzika chini ya shamba, karibu na baba.

Ilikuwa miaka michache baada ya kifo chake ndipo lile jambo la matundu lilipoanza.

Mwinjilisti wetu mmoja, kijana mwenye sauti kubwa na pikipiki, aliingia kiwandani amekunja uso.

"Mama, kuna mtu kule Salama anachezea mabango yetu," akaniambia. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa na kuzaa, naitwa mama na kila mtu. "Tunabandika leo, kesho tunakuta yametobolewa. Hayachanwi. Yanakatwa, unaelewa? Kama na wembe."

"Watoto," nikasema.

"Watoto wanachana. Huyu anakata vizuri."

Wazee wa kanisa walikaa wakaliombea jambo hilo. Wengine waliona ni uadui wa dhehebu jingine, na mmoja akasema waziwazi kwamba ni uchawi, kwamba mtu akichukua vipande vya jina la Bwana ana nia mbaya navyo. Likawa jambo la kuzungumzwa Jumapili. Mkutano uliofuata ukabandikwa Salama kwa maombi na kufunga, na bado mabango yakatobolewa.

Kijana akabandua moja akaniletea. "Ona mwenyewe."

Nililitandaza juu ya meza ya kupangia. NJOONI NYOTE MLIOLEMEWA NA MIZIGO, na chini, MAOMBI KWA WAGONJWA. Kulikuwa na matundu marefu membamba, yaliyokatwa kwa kufuata pembeni ya herufi. Kilichokatwa kilikuwa A. Lakini hazikuwa A zote. Nyingine zilikuwa zimebaki, nzima, hazijaguswa hata na ncha ya wembe.

Nilijua nilivyolipanga bango lile. Niliinama nikaziangalia zilizobaki moja baada ya nyingine. Mguu mweusi kabisa, hakuna uzi. Mstari katikati. Kilele kimenyooka. Za Ulaya. Zote zilizobaki zilikuwa za Ulaya.

Niliishika meza kwa mikono miwili. Kijana alikuwa bado anazungumza, sikumsikia.

"Mama? Mama, kaa chini."

"Unaenda Salama lini?" nikamuuliza.

"Kesho kutwa."

"Nitakuja."

Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilisema nakwenda kazi ya kanisa. Mzee wa Murang'a alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, na kama angekuwepo nadhani yeye peke yake ningemwonyesha. Njiani nilijiambia kwamba kuna njia nyingi ambazo mtu mwingine angeweza kuzitofautisha zile A. Sikuipata hata moja.

Salama ni mji wa malori. Yanapanda mlima kutoka Mombasa yakiwa yamechoka, yanasimama, madereva wanakula, yanaendelea. Barabarani kulikuwa na vitunguu kwenye nyavu, machungwa, mahindi ya kuchoma, wanawake wanakimbilia mabasi na mabeseni kichwani. Nilimwacha kijana akitengeneza gundi ya unga wa ngano nikaanza kuuliza. Sikuuliza juu ya mabango. Niliuliza kama kuna mtu anayejua kuchonga.

Hakuna, waliniambia. Kuna fundi wa viatu, kuna fundi wa saa.

Nikauliza kama kuna mtu mrefu, anasimama hivi. Nikaegemea kama yeye.

Muuza vitunguu akacheka. "Huyo ni bwana wa yule mama wa muthokoi. Hoteli ile ya mabati, nyuma ya matairi."

Nilikwenda. Ilikuwa mchana, jua linapiga kwenye mabati. Ndani kulikuwa na meza ndefu na mabenchi, na harufu ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Mwanamke mnene, mweupe kidogo, alikuwa akipangusa meza. Alinikaribisha. Nikakaa, kisha macho yangu yakazoea giza la ndani nikaona ukuta.

Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao za masanduku, na nyufa zote zilikuwa zimezibwa kwa karatasi. Kila karatasi ilikuwa A moja. Zimebandikwa wima, moja kando ya nyingine, safu baada ya safu, nyingine zimegeuka njano kwa moshi na nyingine nyeupe bado. Zote na uzi mguuni. Zote zimeegemea upande mmoja. Mtu asiyejua kusoma angeziona ni ua wa miti. Mimi nilisikia sauti, ile sauti moja isiyokwisha ambayo mwanamke huitoa akiletewa habari mbaya.

"Unaumwa, mama?" mwanamke akauliza.

"Nani amebandika hizi?"

"Ni baba watoto. Anasema zinazuia upepo." Akanitazama vizuri. "Unamjua?"

"Mimi ni dada yake."

Kitambaa kikaanguka. Alirudi nyuma mpaka akagonga meza.

"Hapana," akasema. "Dada yake alikufa. Aliniambia. Mama yake na dada yake walikufa wote, hana mtu."

Niliinama nikakiokota kitambaa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimtafuta kaka kama mtu aliyekufa, na huku Salama mimi ndiye niliyekuwa marehemu, na mwanamke huyu alikuwa amenilia.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, amebeba debe la maji kwa mkono wa kushoto. Mvi zilikuwa zimemwingia. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kushonwa, na haukuwa na kitu ndani kuanzia chini kidogo ya kiwiko.

Aliniona. Akaliweka debe chini taratibu, bila kumwaga.

"Mwanaa mwaitu," akasema.

Sikumkumbatia. Wala yeye hakusogea. Nadhani tulikuwa tunaogopana. Mkewe ndiye aliyeleta kiti, akamkalisha, akaniletea chai, kisha akatoka akasimama mlangoni akiwaambia wateja kwamba chakula kimeisha.

Alinieleza kidogokidogo, akiangalia meza. Alipokosa soko Mombasa aliona haya kurudi mikono mitupu, akaomba kazi kwenye shamba la mkonge upande wa chini wa barabara. Alitaka afanye msimu mmoja tu. Wakamweka kwenye mashine ya kukamua majani. Siku moja jani lilikwama, akasukuma, mashine ikavuta jani na mkono pamoja. Alikaa hospitalini mpaka kidonda kikafunga. Alipotoka alipata lori la kumbeba kuelekea nyumbani.

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Nataka ujue hilo. Nilikuwa ndani ya lori nakuja. Dereva akasimama hapa anywe chai. Nikashuka kunyoosha miguu, nikaona ukuta."

"Uliona bango."

"Niliona A zangu kwanza. Kabla sijasoma. Nikafurahi, nikasema, dada yangu bado anazitumia. Halafu nikafuata kwa kidole." Alinyanyua kidole cha mkono wa kushoto akakisogeza hewani. "Nikasoma mpaka jina langu. Nikasoma, mchonga vinyago."

Akakishusha kidole mezani.

"Sasa mimi ningefika nimwambie nini mwaitu? Mkono aliokuwa anautafuta ulikuwa pale ukutani. Mimi sikuwa nao. Lori likapiga honi, sikupanda. Nikasema nitapanda la kesho."

"Na ulilichukua bango."

"Nililibandua. Lile nililichoma. Hizi nyingine," akageuza kichwa kidogo kuelekea ukuta, "zilikuja baadaye, za kanisa. Nilikuwa napita naziona, jua linazichoma, mvua inazinyeshea, mbuzi wanakula. Sikuweza kupita tu."

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Kitui kama mtu anayebeba maji ya moto.

"Mwaitu hajambo?"

Nikamwambia. Nilimwambia mwaka, nikamwambia ni kifua, nikamwambia tumemweka karibu na baba. Hakulia. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya kile kipande cha mkono akakishika kwa nguvu, kama kinauma, akabaki hivyo. Nje lori lilikuwa linashusha pumzi za breki.

"Mke wangu nilimdanganya," akasema mwishowe. "Nilimwambia mwaitu amekufa wakati alikuwa mzima. Nilitangulia kumzika kwa mdomo."

"Acha."

"Ni kweli."

"Acha, nimesema."

Alikuja nyumbani mwaka uleule, baada ya mavuno, na mkewe na watoto wao wawili. Watu walijaa uani kumtazama mtu aliyepotea. Walimgusa mabega. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa haoni vizuri, alimpapasa uso mzima na kusema ni yeye, hakika, lakini ana baridi. Wazee walitaka achinjiwe mbuzi na kupakwa taka za utumbo wake ili kumtakasa, kwa sababu ametajwa kati ya wafu. Watu wa kanisa walitaka maombi. Vilifanywa vyote viwili, kila upande ukijifanya haujaona mwenzake. Kaka alikubali kila kitu kama mtoto anayevalishwa nguo.

Alikaa kaburini kwa mama alasiri nzima, peke yake. Nyumbani kwa mama hakutaka kuingia. Nilifungua mlango nikamwambia kitanda chake kiko palepale, akasema ataingia siku nyingine, akarudi Salama na familia yake. Siku nyingine haikufika. Alikuja tena mara kadhaa kwa harusi na mazishi, lakini nyumba ile aliizunguka kwa mbali, na hatimaye iliporomoka kwa mvua.

Kiwanda nacho kilifungwa miaka ya tisini. Kanisa lilianza kupeleka kazi zake Nairobi, ambako mtu anachora herufi za unene anaoutaka kwa kompyuta na A haziishi. Herufi za mbao ziligawanywa na sijui nani alichukua zipi. Nyingine najua ziliwashia moto jikoni kwa mchungaji. Niliulizwa kama nazitaka zile za mukau. Nilisema hapana, na sijajuta.

Nikipata nafasi napitia Salama. Mkewe ananipakulia muthokoi bila kuuliza, amenizoea, ingawa aliwahi kuniambia kwamba mwaka mzima wa kwanza alikuwa akiangalia kama miguu yangu inagusa chini. Kaka hazungumzi sana. Anasafisha sufuria kwa mkono mmoja, ameishika kwa magoti, naye ni mwepesi kunishinda. Mara ya mwisho nilipokuwa pale alinisindikiza hadi barabarani. Tulisimama tukisubiri gari. Akaniuliza, bila kunitazama, mama alikuwa akisema nini siku zile za mwisho.

"Aliuliza kama kuna mtu anakupikia," nikamwambia.

Akageuka akaangalia nyuma, kule mkewe alikokuwa akichochea moto na kumkemea mtoto, moshi ukipanda juu ya matairi. Akatazama kwa muda mrefu. Gari likaja, nikapanda.